Kisu Namba Sitini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na baba, mimi ni kitindamimba wake, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake, na baba mkubwa ameniomba nisome kwa adabu, nisilete mdahalo wa chuo mbele ya jeneza, basi nitasoma kwa adabu, lakini nitasoma yote.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha uani cha nyumba ya wapangaji, mtoto wa pili kati ya wanne, akasoma shule ya msingi iliyopakana na ghala la chumvi kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, akaingia shule ya ufundi, akaiacha mwaka 1973 babu alipofariki, kwa kuwa ilibidi mmoja aache masomo na kaka yake hakutaka awe yeye.

Tarehe 2 Mei 1976 aliajiriwa kiwanda cha nyama kufagia sakafu, na Februari 1979 akahamishiwa chumba cha kunoa, chenye dirisha moja, mawe mawili ya kunolea na beseni la maji, ambamo alikaa hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012, miaka thelathini na mitatu akinoa visu vya wakataji nyama wa mezani, kila kisu kulingana na mkono wa mwenye nacho, maana baba hakugusa kisu cha mtu kabla hajaenda kusimama nyuma yake na kumtazama anavyokata.

Kiwandani hapo, kisu kilichonolewa mpaka ubapa ukawa mwembamba kuliko kidole kilitupwa kwenye pipa la vyuma chakavu, na baba, kwa ruhusa ya msimamizi, akaanza kuviokota, akichonga namba kwenye mpini, akifunga kipande cha kadi chenye jina la aliyekitumia, meza yake, siku ya kwanza ya kunolewa na siku ya mwisho, mpaka vikafika mia mbili na kumi na vinne, vyote vikatundikwa sebuleni kwetu, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Na harusi ilikuwepo, tarehe 9 Septemba 1989, alipomwoa mama yetu, mshonaji wa aprini za kiwandani, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1991, 1995 na 2003, na mama, aliyetutangulia Aprili 2016, alizoea kuwaambia shoga zake kwamba wao wamepata wake wenza wenye miguu, wa kwake wananing'inia ukutani na hawafukuziki.

Oktoba 2014 baba alivaa koti, akachagua visu kumi na viwili, akavifunga kwenye taulo na kuvipeleka kwenye chama cha wakusanyaji visu, ambako meza zilijaa visu vya kukunja vilivyo ndani ya maboksi yake, vyenye vyeti, visivyowahi kukata hata nyanya, na mwenyekiti, ambaye leo amekaa safu ya pili na tunamkaribisha, alimwambia mbele ya watu, "Mzee wangu, sisi hapa tunakusanya visu, hatuzoi taka," watu wakacheka, kisha akabaki na kimoja, namba sitini na moja, eti kwa uchunguzi, na baba alipokifuata, mara nne kwa miguu yake, aliambiwa bado kinatafutwa.

Kisukari kiligundulika Juni 2018, kikamwondolea macho taratibu hadi Januari 2023 hakuweza tena kusoma kadi zake mwenyewe, na ndipo kila Jumamosi nikawa namsomea jarida la chama hicho hicho, kwa sababu hakutaka kupitwa, nikamsomea habari za chuma kipya kinachotengenezwa kwa unga wa madini, za komeo jipya la kisu cha kukunja linalotumia gololi, za mipini ya mbao iliyonyweshwa gundi, naye alisikiliza yote kwa heshima, kisha akauliza swali lile lile, "Sawa, na wamesema nani alikishika?"

Tarehe 16 Agosti mwaka huu nilifungua jarida nikakuta kwamba mambo yamegeuka, kwamba wakusanyaji sasa wamechoshwa na visu vya kwenye boksi, wanatafuta visu vilivyochakaa kazini, na kwenye jalada palikuwa na picha ya kisu alichokigundua mwenyekiti, kadi imekatwa, lakini kwenye mpini imeonekana wazi sitini na moja, kwa mchongo wa baba, naye baba akasema, "Endelea, mwanangu, mbona umemeza sauti?"

Nikaendelea, na kuibiwa hakukumsumbua kama nilivyodhani, kilichomwuma ni mstari mmoja, alioomba niurudie mara mbili, ulioandikwa na mwenyekiti kwamba makali ya kisu hicho yameelemea upande mmoja kwa kosa la mnoaji asiyejua kazi, na baba, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa ameinuka bila kushikwa, aliinuka, akapapasa ukuta mpaka namba sitini na mbili, akanipa nikishike kwa mkono wa kushoto, na hapo kikanikaa sawa mkononi, kwa sababu visu vyote viwili vilikuwa vya mwanamke wa meza ya saba tunayemwita Mama Shoto, ambaye baba alimnolea visu kwa upande wa mkono wake miaka kumi na mmoja, bila kujikata hata siku moja.

Barua ya baba kwa jarida, aliyoitamka nikaiandika, ilipelekwa tarehe 23 Agosti na haikujibiwa, figo zikashindwa Oktoba, na Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, wodini, baba alifariki, na Alhamisi mwenyekiti akafika nyumbani na shada la maua na fomu ya kukabidhi visu vyote kwa chama, akisema tuwahi kabla havijapata kutu, na baba mkubwa alikuwa ameshashika kalamu.

Fomu haikusainiwa, kwa kuwa baba alituusia sisi watoto wake watatu, tukiwa wote kitandani pake, kwamba kila kisu kirudi kwa aliyekishika au kwa mtoto wake, na ndiyo maana pale mlangoni mmeona meza ndefu yenye visu na kadi zake, pamoja na kadi moja mpya isiyo na kisu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliobeba maji na viti, wenzake wa kiwandani waliokuja na aprini zao, tunamshukuru baba mkubwa kwa kuiweka kalamu chini, na tunamshukuru mwenyekiti kwa kuja, tukiamini hakuja mikono mitupu, kwani wa kwanza kuitwa mezani ni Mama Shoto, yule pale safu ya tatu, na hatutaita jina la pili mpaka apate chake.

Pumzika, baba, makali ya sitini na moja yalikuwa sawa.