Mama Nyuzi Mbele ya Mzinga

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefundisha hesabu katika chuo cha mizinga kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja, na hakuvaa gwanda hata siku moja.

Wanafunzi walimwita Mama Nyuzi, kwa sababu ya zile nyuzi za kupimia pembe. Wageni walidhani ni fundi cherehani. Mmoja alimpelekea suruali ampunguzie!

Alipofika, chuo kilikuwa maghala mawili ya bati na ubao mmoja uliopasuka. Maofisa wakacheka chinichini. Raia, tena mwanamke, atawafundisha nini wapiga mizinga? Yeye akachukua chaki, akaanza kazi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka wake wa pili. Ilikuwa asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha. Mzinga umeshajazwa. Luteni mmoja akasoma uelekeo kwa sauti: nyuzi mia mbili arobaini na moja. Mama Nyuzi, amesimama nyuma, akapiga hesabu kichwani. Jibu lilikuwa mia mbili kumi na nne. Tarakimu mbili tu zimebadilishana nafasi, na mzinga sasa ulielekea kilima walikokaa wanafunzi, wakitazama makombora yatakapoangukia.

"Simamisheni!"

Mkuu wa chuo akageuka, amekasirika. "Mama, hapa si darasani."

"Darasani ningefuta tu, mkuu. Hapa hakuna kifutio."

Mkuu akaamuru aondolewe. Kabla hawajamshika, akaenda kusimama mbele ya mdomo wa mzinga. Mbele ya mdomo, wasikilizaji! Mzinga uliojazwa!

"Hesabu nilikuwa na hakika nayo," alimsimulia binti yake baadaye. "Magoti ndiyo hayakuwa na hakika."

Ikabidi sajini mmoja apige hesabu upya. Akarudia. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mia mbili kumi na nne." Mkuu akachukua simu ya upepo, akauliza kilimani, "Mko wangapi huko?"

"Kumi na mmoja, mkuu. Tunawangoja nyinyi tu."

Mkuu akavua kofia.

Tangu siku ile ikawekwa sheria: mzinga haupigwi mpaka mtu wa pili apige hesabu peke yake. Mtu wa pili, peke yake. Sheria hiyo ipo hadi leo.

Mama Nyuzi alifariki Jumanne iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Chuo kilitaka kumpigia mizinga ya heshima. Binti yake akawashukuru, akasema, "Mama aliomba msipige. Alisema kishindo alichokizuia kinamtosha."

Mkuu wa chuo wa sasa ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Alisimama kando ya kaburi ahutubie, akaikunja karatasi ya hotuba. Akapiga saluti, akakaa hivyo mpaka udongo wa mwisho.

Kwa binti yake, kaka wa marehemu na chuo kizima: poleni sana. Nasi tuliobaki, tujiulize kimyakimya. Siku tutakapoliona kosa, na wakubwa wote wana hakika, tutathubutu kusema?