Fundi Zéphyrin Adriko, Aliyetaka Mkwewe Asikie

Wasifu huu unasomwa na dada yake, Sidonie, nyumbani kwa marehemu, Dranya, Koboko, Jumapili tarehe 11 Juni 1978.

Wafiwa, majirani na marafiki, poleni sana. Kabla sijaanza, naomba Mzee Anguyo, baba mkwe wa marehemu, asogezwe mbele, kiti chake kielekee hii spika ya pembe. Wote mnajua masikio yake yamechoka. Marehemu aliagiza kwamba leo mzee asikie kila neno, na sababu yake nitaifikia.

Zéphyrin Adriko alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika kijiji kimoja karibu na Aru, Kongo, kifungua mimba wa wazazi wetu, ambao wametutangulia. Alikuwa mtoto wa kelele. Mama alisema mtoto huyu ukimwita mara moja, kijiji kizima kinajua ameitika.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1946 hadi 1952, kisha akajifunza useremala katika karakana ya misheni hiyo hiyo hadi 1956. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Lakini mbao zilimtii. Mwaka 1964, machafuko yalipotufikia, tulivuka mpaka kwa miguu hadi Arua, Uganda, yeye kabeba msumeno na randa, mimi sufuria. Nilimwambia tuchukue na godoro. Akanijibu, "Godoro itatengeneza kiti?" Basi tukalala chini miezi mingi, na viti vizuri tukawa navyo.

Arua alitengeneza milango, vitanda na viti. Siku moja mwaka 1971 alikwenda ibada Ombaci, akasimama nyuma kabisa ya umati, akarudi nyumbani bila kujua padri amehubiri nini. Aliudhika wiki nzima. Ndipo akamwendea rafiki yake Asuman, fundi redio, ambaye yupo hapa leo. Walichukua kispika kidogo cha redio iliyokufa, wakakifunga kwenye koo jembamba la pembe kubwa iliyopanuka mdomoni. Pembe ya kwanza ilisukwa kwa matete kama kikapu, ikabandikwa magazeti tabaka kwa tabaka kwa uji mzito wa muhogo. Maikrofoni na betri la gari vikaunganishwa, na mtaa mzima ukatoka nje kutazama nani anapiga kelele.

Wakati huo marehemu alikuwa amempenda Ayikoru, binti wa Mzee Anguyo wa kijiji cha Ajia. Februari 1972 tulipeleka posa. Mshenga wetu alisema vizuri, kwa adabu, kwa sauti ya chini. Mzee Anguyo akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu mutu iko nasema kama nzi. Mimi hapana sikia kitu. Mtoto yangu hapana kwenda kwa maneno sijasikia." Tukarudi na aibu yetu.

Mwezi uliofuata tulikwenda tena, pembe imefungwa kwenye baiskeli ya Asuman, mbuzi wa mahari nyuma. Tulipopumzika njiani, tukawasahau wale mbuzi. Jamani! Walisikia harufu ya muhogo. Asuman alishika kichwa: "Walai, mbuzi nakula mudomo ya spika!" Marehemu hakugomba. Alichomoa kisu, akakata sehemu iliyotafunwa, tukaendelea na pembe fupi. Mbele ya mzee akaacha desturi, akasema mwenyewe kwenye pembe bila mshenga: "Baba, Ayikoru hatakosa nyumba, mimi nikiwepo na hata nisipokuwepo." Mzee Anguyo alicheka mpaka machozi. "Sasa nasikia. Leta mbuzi, hata ule iko na gazeti ndani ya tumbo." Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 1972, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Magazeti aliachana nayo siku ile ile. Walipohamia Koboko mwaka 1974, alitengeneza pembe kwa mbao nyembamba za mvule, akizisugua kwa majani ya msasa. Nje alisugua kidogo. Ndani, pasipoonekana, alisugua mpaka kiganja kikapita bila kukwama. Wateja walilalamika kwamba nje haing'ai, naye akawauliza, "Wewe nataka rangi ao nataka sauti?" Vanishi ilipopotea madukani, aliyeyusha nta ya nyuki akaipaka kwa moto mdogo. Kanisa lilinunua, msikiti ulinunua, na wacheza mpira nao wakanunua.

Agosti 1977 sauti yake ilianza kukwaruza. Tulihangaika naye hospitali, dawa za kila aina, lakini kufikia Machi mwaka huu sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Yule mtoto wa kelele! Niliona uchungu ambao sijui kuusema. Hata hivyo kila asubuhi alikuwa karakana akisugua pembe moja kubwa. Tulidhani ni ya mteja. Mei alituita, Ayikoru na mimi, tukaweka masikio mdomoni pake. Akanong'ona, "Hii ya mazishi yangu. Baba yako asije akasema tena hakusikia."

Alifariki hapa nyumbani Ijumaa tarehe 9 Juni, asubuhi, mikononi mwa mkewe. Pembe ilibaki bila nta ya mwisho. Ayikoru aliipaka jana kwa mkono wake, na ninyi mlioketi karibu bado mnaisikia harufu yake.

Ameacha mjane, Ayikoru, watoto Étienne na Alphonsine, mimi dada yake, baba mkwe Mzee Anguyo, na Asuman, ambaye kwetu ni ndugu.

Sasa agizo lenyewe. Ndugu zangu wa upande wetu, mlioanza juzi kuulizana juu ya mabati na vyombo vya karakana kabla hata kaburi halijachimbwa, nanyi sogeeni. Marehemu alisema hivi: nyumba hii, shamba hili na karakana ni vya Ayikoru na watoto wake. Asitolewe na mtu. Na shahidi wake ni yule yule aliyesikia neno hili mara ya kwanza kule Ajia.

Mungu ampokee fundi wetu, alale kwa utulivu akijua neno lake limefika.

Baba Anguyo, kama umesikia, inua fimbo yako juu, watu wote waione.