Dishi Linatazama Segera

Pale Manundu, Korogwe, ng'ambo ya nyumba ya Mbwana, kuna taruma la reli limelazwa juu ya matofali. Nani alilileta hapo hakuna anayesema, maana reli ina wenyewe, lakini ndilo benchi na ndilo bunge. Kahawa inakuja na birika, kashata na sinia, wenyeji wanakuja na midomo yao. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limemwaga kila kitu kwa mkupuo: mitumba, simu za mkononi, mabasi yenye video, na sasa mtandao. Asubuhi hiyo dishi jeupe lilikuwa limekaa juu ya bati la Mbwana, limelala chali, linatazama mbingu. Wenye kijiwe walilitazama na wao, na hakuna aliyelipenda.

Aliyekuwa na roho juu ni Mbwana mwenyewe. Mkewe Hamisa alikuwa Mazingara, huko Handeni, akimuuguza mama yake, na leo anarudi. Huku nyuma Mbwana kampangisha Josefina, dada mmoja wa Tanga, chumba cha mbele pamoja na paa lake, afungue duka la mtandao, na fundi kalitoboa bati kwa drili. Bati lenyewe Hamisa kalinunua kwa machungwa yake, msimu baada ya msimu, na alishasema hata kuku asipande. Lakini binti yao Yusra yuko India anasoma, na barua zake zikifika habari zimeshaoza. Josefina akamwambia Mbwana, mtandao ukishika, mtoto anaandika asubuhi, nyie mnasoma mchana. Hapo Mbwana akalainika. Akapanga: mke akifika, kabla hajainua macho, namkalisha mbele ya kompyuta amsome mwanawe, matundu atayasamehe. Asipomsoma, basi, Mbwana ajitafutie pa kulala.

Fundi alimaliza jana jioni, akasema "Msiliguse," akapanda basi la Arusha. Asubuhi hii Josefina kafunga mlango wake, kaenda stendi kuchukua waya aliotumiwa. Kijiwe kikabaki na dishi.

— Jamani, mimi nisiseme? — alianza Antena. Jina lake Mhina, fundi redio, na kila antena ya televisheni pale Manundu kaipandisha yeye. — Hilo limekosewa. Antena zangu zote zinatazama Tanga au Dar. Huko juu kuna nani wa kurusha matangazo?

— Kuna mitambo inaelea, — alisema Profesa, mstaafu wa shamba la mkonge, msomaji wa kila gazeti lililofungia karanga. — Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Vimeundwa wapi?

— Gazeti liliishia hapo. Kipande kingine kilifungia karanga za mwingine.

Loishiye, mfugaji wa Handeni aliyekuja kuuza ng'ombe akanogewa na kahawa, alitikisa kichwa.

— Ero, ng'ombe akipotea, namwita nikitazama porini. Sijawahi kumwita nikitazama mawingu.

— Umeona! — Antena akapiga goti. — Meja kasema! — Kijiweni walimwita Loishiye Meja kwa sababu ya koti lake la jeshi.

— Lakini fundi kasema tusiguse, — alisema Mbwana.

— Fundi kazoea mambo ya Dar, — alisema Antena. Dar mtandao unazaliwa pale pale. Huku kwetu unakuja. Hebu niambie, Baba Yusra, kitu gani kimewahi kufika Korogwe bila kupita Segera? Magazeti, soda, wagonjwa, maiti! Yote Segera!

— Maji hufuata mkondo, — Profesa akaunga mkono. — Na mimi nimesoma kwamba barua ya mtandao inakatwa vipande, kila kipande kinasafiri peke yake. Sasa fikiria. Vipande vya Yusra vinatoka India, vinashuka Dar, vinafika njia panda ya Segera. Kushoto Korogwe, kulia Tanga. Hakuna wa kuvipokea. Vitafanyaje?

Mbwana alivuta picha ya barua ya mwanawe imekaa Segera kwenye jua, kati ya wauza machungwa, haijui ishike basi gani.

— Vitakata kulia, — alisema kwa sauti ndogo.

— Tanga moja kwa moja! — alisema Profesa. — Utaenda kuokota habari za mwanao bandarini!

— Au vimekwishafika, bati limevila, — Antena alisema. — Bati linakula mawimbi, muulize mwenye redio yoyote. Pale juu maneno ya mtoto yameokwa kama mkate.

— Kwa hiyo mnataka tufanye nini?

— Tuliinamishe, — alisema Profesa. — Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Mtandao uko uvunguni?

— Mbwana, usibishane na wahenga.

Saa zilikuwa zinakwenda, basi la Handeni laweza kupiga honi wakati wowote, na Mbwana alishachoka kuwa na akili peke yake. Akaleta ngazi.

Utaratibu wa kuweka antena Manundu unajulikana. Mmoja juu ya paa anazungusha, mmoja dirishani anaangalia kioo, mmoja katikati ya barabara anapokeza sauti. Antena alipanda na spana yake, bati likalia ngwa! ngwa!, na kila ngwa ilimchoma Mbwana ubavuni. Meja akasimama barabarani na fimbo, anazuia baiskeli. Mbwana akashika nafasi ya dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa, ila utaratibu ni utaratibu.

— Vipi hapo? — Antena alipaza sauti.

— Anauliza vipi hapo! — Meja akapokeza.

— Bado! — alisema Mbwana, anatazama pazia.

— Na hapo?

— Anauliza na hapo!

— Rudisha kidogo! Hapana, peleka! Umepitiliza!

Dishi likazungushwa huku, likazungushwa kule, likainamishwa mpaka likatazama barabara ya Segera kama mtu aliyeahidiwa zawadi. Shingo ikamuuma Mbwana.

— Hapo hapo! Kaza!

Antena akakaza, akashuka, wakapongezana. Hata kikombe chake cha kahawa hajakimaliza, Josefina akatokea na furushi la waya. Nyuma yake, kapu kichwani, kanga imejaa vumbi la Handeni, anakuja Hamisa. Walikuwa wamekutana stendi.

— Nimemwambia mama habari njema, — Josefina alisema akicheka. — Nimetoka hapa nimeacha taa ya mtambo imewaka, mtandao umeshika, barua ya Yusra inaingia. Nikasema ngoja nilete waya wa...

Akainua macho. Furushi likamponyoka.

— Nani kapanda juu?

Kijiwe kizima kikapata hamu ya kashata. Josefina alikimbilia chumbani, akatoka.

— Imezima. Barua ilikuwa inaingia, imekatika mstari wa kwanza.

— Unasemaje huo mstari? — Mbwana aliuliza.

— "Shikamoo mama."

Hamisa alitua kapu chini. Akalitazama bati lake, matundu yake, alama za miguu ya Antena. Mbwana alikaza mwili kusubiri maneno. Ilikuwa haki yake apewe.

— Marahaba, — Hamisa alisema, na hakuwa anamwitikia yeyote wa pale. Kisha akawageukia. — Nyie, shemeji zangu. Fundi aliliacha linatazama wapi?

— Kule, — Antena alisema, akaonyesha juu ya mwembe wa jirani.

— Pale, — alisema Profesa, akaonyesha reli.

Meja aliinua fimbo, akaonyesha jua, lakini jua nalo lilikuwa limeshahama.

Hamisa alifuata kila mkono kwa macho, mmoja mmoja, kama mama anayemtafuta mwanawe kwenye madirisha ya basi linaloondoka. Mwisho akamtazama mumewe. Mbwana naye aliinua mkono, ukabaki hewani bila pa kuelekea, akaushusha.