Gaudensi na Nyuzi Nene za Mama Mkwe

Baada ya miaka kumi na miwili kwenye winchi ya mgodi wetu, Gaudensi, fundi wa kamba za chuma, anapumzika kazi tarehe 31 Desemba 1958. Alifika Mpanda kabla ya reli, kwa miguu kutoka Sibwesa, na gitaa mgongoni.

Kamba aliyoiunga yeye haijawahi kukatika. Sisi tunaoteremka nayo shimoni bado tupo, huo ndio ushahidi.

Uchumba wake ndio nusura ukatike. Alimpenda Dafrosa, muuza togwa wa Nsemulwa. Mama yake Dafrosa, Bibi Kasilda, hasikii vizuri, naye aliapa hamwozi binti mpaka ausikie mwenyewe huo muziki uliomlevya.

Gaudensi akaenda na nyuzi za dukani, nyembamba, za mandolini. Zilikuwa laini kwa vidole na zililia juu kama chiriku. Akapiga nyimbo tatu nzima. Bibi alimtazama kwa huruma, akamgeukia binti yake: "Huyu kijana anajikuna nini kwenye sanduku? Mpe dawa ya upele aende."

Sisi tulio mbali na kwetu hatukuwa na burudani ila gitaa lile, kwa hiyo msiba ukawa wa kambi nzima. Gaudensi akafumua kipande cha kamba chakavu ya winchi, akafunga waya nene. Lakini waya nene haifiki sauti ileile ya juu mpaka ikazwe sana. Mbele ya Bibi akakaza, akakaza, shingo ya gitaa ikapinda, na kile kibao kinachoshika nyuzi kikang'oka, kikatua ndani ya chungu cha togwa.

Dafrosa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Kaka, nani kakwambia zipande? Mama lori analisikia, ngoma anaisikia. Ukishakitengeneza, zilegeze zishuke."

Akakirudishia kibao, akazilegeza. Sauti ikawa nzito, ikanguruma na kukawia kufa. Vidole vilimtoka damu, lakini Bibi alitikisa bega moja, halafu la pili. Ndoa ilifungwa kabla ya Kwaresima.

Sasa wanarudi Sibwesa kulima, na Bibi ndiye aliyetangulia kufunga mizigo. Kaka Gaudensi, asante kwa kamba, na kwa Jumapili zetu. Shamba likupe chakula na vidole vyako vipone. Zawadi yetu ni nyuzi mpya kutoka Tabora, nene kuliko zote tulizozipata. Bibi amezipima kwa kidole, anasema bado nyembamba.