Chengo Masha na Macho ya Kafedha

Marehemu Chengo Masha alizaliwa Kaloleni mwaka 1919, siku ambayo mvua ilinyesha upande mmoja tu wa paa la mama yake. Anayebisha amuulize dada yake, Pascalia. Yeye ndiye aliyehamisha kuku.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu. Alimchora mwalimu kwenye kibao akampa masikio ya punda, akala viboko sita. Kibao mwalimu alikwenda nacho kwake, na majirani waliapa kuwa kila alfajiri kilikuwa kikilia kama punda.

Mwaka 1941 aliajiriwa na reli, Changamwe, kupaka nambari kwenye mabehewa. Jumapili alichora nyuso za watu waliokwisha kufa, ambao hakupata kuwaona. Jamaa zao walikaa mbele yake wakasimulia, naye akachora kwa kusikia. Macho aliyaweka mwisho, baada ya mtu wa karibu kabisa kueleza marehemu alikuwa akitazamaje. Akishayaanza, hainuki mpaka amalize. "Siwezi kumwacha mtu njiani hali haoni," alikuwa akisema.

Alimwoa Kahaso mwaka 1948. Walijaliwa Masha, na mwaka 1951 Kafedha. Watoto walilelewa Kaloleni, baba akija wakati wa likizo. Mwezi wa Machi 1957 Kafedha alishikwa na homa. Mjumbe alimkuta Chengo yumo kwenye macho ya mama wa mtu mwingine. Akayamaliza kwanza. Alipofika Kaloleni, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Kahaso alimpokea mfuko, akamtengea maji ya kuoga, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mtoto.

Mwaka 1959 Bi Zubeda Abdillahi wa Timbwani, Likoni, alitoa chumba chake cha mbele kiwe cha maonyesho. Kulikuwa na meli ambazo mchoraji Stambuli alizichora juu ya mabati, mikeka ya msusi Mwanatatu yenye maandishi, na nyuso kumi na moja za Chengo. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Kafedha, bila macho. Baba mtu hakuyakumbuka.

Kila kukiadhiniwa, Bi Zubeda aligeuza nyuso zote zitazame ukuta. Akimaliza kuswali, kumi na moja zi vile vile. Ya mtoto imegeuka, imeelekea mlangoni.

"Bi Zubeda, wageni wako washakula?" majirani walimtania.

"Hawali. Na wala hawasengenyi, wallahi, wamewashinda nyinyi."

Lakini Bi Zubeda alimwita Chengo pembeni. "Mwanangu, huyu mdogo ana jambo lake. Mmalize, au mchukue."

Chengo akamchukua hadi Changamwe, ambako Kahaso alikuwa ameshahamia. Ndipo Kafedha alipoanza kumjia ndotoni, akipapasa kuta. "Baba, sioni njia." Koma wengine, hizo roho za wafu, huomba nguo, huomba tembo la mnazi; huyu aliomba macho. Chengo akamsihi Kahaso amwambie mtoto alikuwa akitazamaje. Kahaso akaendelea kuchambua mchicha. Ikapita miaka minne.

Mwezi wa Agosti 1963, akiwachorea wenye maduka bendera mpya, kifua kilimbana. Alilazwa hospitali wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Jumanne, tarehe 12 Novemba, Kahaso aliingia na kikombe cha uji, akakiweka chini.

"Baba Kafedha, chukua brashi."

Chengo akajikongoja akaketi.

"Alikuwa akitazama mlango," Kahaso akasema. "Siku mbili. Mtu akiingia, anayainua macho. Akiona si wewe, anayashusha. Mchore akiyainua."

Alichora hadi Jumatano alasiri, uji umeganda pale pale. Kahaso akaitazama picha, akasema, "Ndiye," kisha akakilia kilio cha miaka sita.

Chengo alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1963. Usiku huo alikuwa amelala kimya, hakupapasiwa ukuta wowote.

Ameacha mjane, Kahaso, mwanawe, Masha, dada yake, Pascalia, na nyuso kumi na moja kwa Bi Zubeda, ambazo wenyewe mnaombwa mkazichukue kabla hazijaanza kudai chakula. Kafedha hatumhesabu katika walioachwa. Picha yake imetundikwa mkabala na mlango. Mkirudi matangani, msalimieni mnapoingia, na asifadhaike mtu akimwona hayashushi macho.

Mola amlaze Chengo pema. Safari hii hakuchelewa, na anayemngoja anaona.