Mzee Sikio, Aliyehesabu Ndege Baada ya Moto

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada yake marehemu, yule fundi cherehani anayemfuata kwa kuzaliwa. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu wenzangu wanasema sauti yangu haikatiki. Nitajitahidi. Mkiniona nageukageuka kutazama mlimani, mnivumilie, maana upepo umebadilika tangu Jumapili na moyo wangu hautulii.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha mbao. Baba alikuwa mpasua mbao hapo hapo kiwandani. Mama alifua nguo za watu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1976. Darasani alichapwa sana kwa kuchungulia dirishani. Siku moja mwalimu wa hesabu alimuuliza kwa ukali kuna ndege wangapi huko nje, naye akajibu, "Wawili, mwalimu. Huyo wa tatu ni mmoja wao anaigiza." Mwalimu alicheka hadi akasahau fimbo. Mwaka 1979 alihitimu chuo cha misitu.

Februari 1980 aliajiriwa na ofisi ya misitu na kukabidhiwa njia sita za kuhesabia ndege msituni. Kila Mei alipita njia zilezile, alfajiri, akasimama dakika kumi kila kituo na kuandika kila aina ya ndege aliyoisikia. Hakuhitaji kumwona ndege. Akisikia, basi.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na nesi wa zahanati, wifi yangu huyu hapa mbele. Katikati ya viapo bwana harusi alinyanyua kidole watu wote wanyamaze, kisha akatikisa kichwa, shughuli ikaendelea. Wifi husema hajui mpaka leo kama siku ile aliolewa yeye au ndege. Walijaliwa watoto wawili.

Septemba 2009 msitu wa mlimani uliwaka siku kumi na moja. Ulibaki mweusi, isipokuwa korongo moja lenye unyevu ambako moto ulishindwa kushuka. Viumbe waliosalimika walijibana humo.

Sasa nimefika mahali ambapo, tulipokuwa tukiandika haya naye akiwa kitandani, nilimwomba aniruhusu niruke. Nilimwambia, "Kaka, hayo ya nini siku ya msiba?" Akasema, "Yasomwe, na yasipambwe." Basi nasoma.

Mei 2011 mlima ulikuwa kijani kuliko zamani. Kabla ya moto marehemu alikuwa akihesabu aina arobaini na moja za ndege. Mwaka ule alipata arobaini na sita. Fomu ilikuwa na kisanduku cha jumla pale chini, naye akakijaza, akaipeleka ofisini. Jioni akamsimulia mkewe kwa furaha. Wifi akamuuliza, "Hondohondo wangapi?" Akajibu kwamba ndege huyo wa msitu mnene, yule mwenye mdomo mkubwa, hakumsikia hata mmoja kwenye njia zile sita. Wakahesabu upya pale mezani. Aina za ndege wa msituni zilikuwa kumi na saba tu. Waliobaki walikuwa chiriku, tetere na wenzao wa mashambani, waliofuata nyasi na jua. Wifi akasema, "Kumbe nyie mnapima mgonjwa kwa kuhesabu wageni waliojaa wodini."

Asubuhi alikimbilia ofisini kuirudisha ile fomu. Alikuta imeshasainiwa: msitu umepona, walinzi wa moto wahamishwe. Alibisha, akaandika barua tatu. Alieleza kwamba kijani kile ni nyasi, na nyasi zikikauka ni kuni. Alieleza kwamba mbegu za miti mikubwa hubebwa na hondohondo, na asiporudi yeye miti nayo hairudi. Aliambiwa asubiri tathmini.

Oktoba 2013 zile nyasi ziliwaka. Moto wa pili uliua miche yote iliyoanza kuota, ukala nusu ya korongo. Marehemu alipigana nao siku nne kwa matawi na majembe, akavuta moshi ulioharibu mapafu yake. Hakumlaumu mkubwa wake hata siku moja. Alisema, "Namba niliandika mimi." Jambo hilo lilimla kuliko kikohozi, na mimi dada yake nilikuwa nikikasirika naye, maana yaliyopita si ndwele. Yeye hakuganga yajayo tu, aligombana nayo. Kila Julai, hata baada ya kustaafu mwaka 2018, alikusanya watu kulima kinga-moto, ule ukanda wa ardhi tupu unaozunguka korongo ili moto usivuke.

Mwaka huu hakuweza. Tangu Juni alikuwa kitandani na mashine ya hewa, na sisi tulikuwa tukimuuguza, kwa hiyo ukanda haujalimwa. Nyasi zinanifika begani. Alifariki Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka.

Ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu na sisi ndugu zake wanne. Korongoni ameacha jozi mbili za hondohondo. Kwa wasiojua, jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, mlango ukasilibwa kwa tope, ukabaki ufa wa kupitishia mdomo. Dume humlisha kutoka nje kwa wiki nyingi. Mwanangu alipita huko juzi akamwona dume analisha. Moto ukija, dume ataruka. Jike na makinda hawana pa kutokea.

Tulipokuwa tunakuja hapa, wengi mliuona ule moshi ng'ambo. Kuna mtu anachoma shamba lake, na upepo unavuma kuelekea korongoni. Mimi naogopa, sitaki kuwadanganya.

Kaka yetu apumzike, amechoka kwa haki. Na nyie vijana mliochimba kaburi, tukishamfukia, naomba majembe yasirudishwe stoo. Korongo ni mwendo wa saa moja kutoka hapa, na mimi nimekuja na viatu vya kutembelea.