Bi Thibitisha na Ubao Usiofutwa

Marehemu, ambaye wanafunzi walimwita Bi Thibitisha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa dobi na muuza maziwa. Mama yake alisema alikuja duniani amekunja uso, na hakuukunjua mpaka apewe sababu.

Alianza sekondari mwaka 1980. Hesabu zilimpiga chenga mwaka wa kwanza, akahamishiwa darasa la upishi na ushonaji. Akagoma. Alirudia mwaka, akafaulu, na tangu hapo hakumvumilia mtu yeyote aliyesema fulani hana kichwa cha hesabu. Alipata stashahada ya ualimu mwaka 1988 na kuajiriwa katika shule ambayo hakuiacha tena.

Huko seremala wa shule alimtengenezea pembetatu ya mbao ya kuchorea ubaoni. Pembe haikuwa mraba, akairudisha. Ya pili nayo ilikuwa kombo. Ya tatu ilinyooka, na seremala akajikaza akasema anampenda.

"Thibitisha," aliambiwa.

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991. Mpaka leo shemeji yetu huyo anakana kwamba zile mbili za kwanza alizikosea makusudi, na hakuna anayemwamini. Shahada ya hisabati na fizikia marehemu aliipata mwaka 1996, akisoma jioni huku ananyonyesha.

Alifundisha aljebra, jiometria na takwimu. Alikuwa na desturi iliyowaudhi wakaguzi: hesabu iliyokosewa haikufutwa ubaoni mpaka aliyeikosea agundue mwenyewe alipoteleza. Mwaka 2009 uongozi uliamua kwamba mkondo wa mwisho, wale walioitwa mizigo, wasisome hisabati ya juu.

"Mwalimu, hawa watatushusha," mkuu wa wakati huo alimwambia.

"Basi anza kunishusha mimi."

Akawafundisha kabla ya kengele ya asubuhi, katika chumba cha mwisho, jirani na stoo. Aliandikiwa barua za onyo. Upande wa nyuma aliandikia mazoezi. Darasa hilo liliendelea mwaka hadi mwaka, mpaka uongozi ukachoka kulikataza.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya koo. Daktari alimkataza kuongea, naye alitii: hakuongea, aliandika. Darasa likajifunza kusoma nyusi zake. Ijumaa ya tarehe 4 Oktoba 2024 alifundisha kwa mara ya mwisho, kesho yake akalazwa. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 13, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Inatuuma, na hatutajifanya haituumi.

Juzi familia iliambiwa kwamba darasa la chumba cha mwisho litafungwa kwa kukosa mwalimu. Mkuu wa shule wa sasa yupo hapa. Tunamshukuru kwa kuja, na tunamjibu mbele ya jeneza: mwalimu yupo. Ni mmoja wa wale mizigo wa mwaka 2009. Ana shahada ya hisabati, ameketi safu ya pili, na barua yake ya maombi iko mezani kwako, mkuu. Jumatatu yuko tayari kuingia darasani. Pembetatu ya mbao haizikwi, anaibeba yeye.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake, na hesabu moja yenye kosa katika chumba cha mwisho, ambayo kijana aliyeikosea bado anaihangaikia.

Dada yetu apumzike kwa amani. Ubao usiguswe.